Toa ya Bosco Kabla ya Kitunguu

Kuna usiku moja ya Disemba sitawahi sahau. Kazo yangu alikuwa ametoka ushago Murang'a na kagunia ka makadamia, tukazikaanga kwa jiko hapo nje ya keja, Kayole, mbogi imezunguka, stori zinawaka. Bosco alikuwa amejilaza kwa miguu yangu. Bosco ni dogi yangu: kilo 20, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja imekunjika tangu akiwa kadogo. Nikipasua makadamia moja yangu, ingine namrushia. Roho yangu ilikuwa safi. Kwa supa hizo vitu zinauzwa kwa kapakiti ka kushikwa na vidole viwili na bei inauma, nikaona leo pia yeye ameonja maisha. Halafu ni kitu imetoka kwa mti wa guka. Haijapakwa rangi, haijawekwa dawa, haijapitia kiwanda. Ya asili kabisa.

Saa nne usiku nikamwita tuingie. Akajaribu kusimama, miguu za nyuma zikakataa. Akajivuta na za mbele, kiuno inatetemeka, halafu akatapika hapo mlangoni. Nikamshika masikio, zilikuwa moto. Mathee akatoka na leso mabegani, akamulika na simu, akasema huyu amelishwa sumu. Jirani wa mlango ya pili akakuja na kikombe ya maziwa, eti tumnyweshe izime sumu. Mwingine akasema tusimguse, inaweza kuwa kichaa. Mi nilikaa chini na yeye hadi ngware, kichwa yake kwa mapaja yangu, na sitaficha, nililia.

Asubuhi tukampakia kwa tuktuk hadi kwa daki wa wanyama. Kitu ya kwanza akaniuliza: "Kijana, tangu jana asubuhi amekula nini? Nitajie kila kitu, hata kidogo." Nikaanza kuhesabu. Ugali. Maji ya supu. Makadamia. Hapo akanisimamisha. "Ngapi?" Sikujua ngapi. Akaniketisha, akanieleza polepole ka mtu anaongea na mgonjwa mwenyewe. Hadi leo wanasayansi hawajapata ni kitu gani ndani ya makadamia inafanyia dogi hivo, lakini njia yake inajulikana: ndani ya masaa 12 hivi nguvu inaisha miguu za nyuma, mnyama anatapika, anatetemeka, mwili inachemka. Na mara nyingi, akichungwa vizuri, anaamka ndani ya siku mbili. Maziwa haizimi sumu, akaniambia, na maji ya chumvi ya kutapisha nayo ni hatari yake kivyake. Siku ya pili jioni Bosco alisimama, akayumba, akaenda kunywa maji bila kushikwa. Nikakimbia nje kumpigia mathee simu.

"Kama ingekuwa zabibu," daki aliniambia tukiishia, "leo hatungekuwa tunacheka hivi."

Hiyo sentensi ndio ilinifanya nianze kuuliza. Juu mi nilikuwa msee wa kupenda dogi yake kinoma na sikuwa najua chochote. Nilikuwa naamini kitu ikiwa imetoka kwa shamba, ni ya mwili. Na huku kwetu shamba ndio iko na makadamia. Murang'a, Embu, Kirinyaga, Meru, Kenya ni kati ya nchi zenye zinatoa hiyo kitu nyingi zaidi duniani. Iko kwa mifuko ya watoi wakitoka kufunga shule ushago. Ukienda huko na dogi, ama dogi yako inaishi huko na shosho, hii si stori ya mbali.

Zabibu nazo ziko kwa keki ya Krismasi, kwa pilau ya harusi, kwa mkate ya mtoi. Ziwe freshi ama kavu, zinaangusha figo za dogi, na hakuna kipimo ya kusema hii kidogo haina noma: dogi moja anakula konzi nzima anatembea, mwingine anakula chache figo zinazima. Miaka mingi hakuna mtu alijua sababu. 2021 ndio madaktari wa wanyama huko Marekani walianza kunyoshea kidole asidi ya tatariki. Na unajua ni nini ingine iko na hiyo asidi mob? Ukwaju. Ile juisi ya ukwaju tunakunywanga Eastleigh, ile ya Mombasa ya kwenda na viazi karai. Kama uko na dogi Pwani, na mti wa ukwaju iko kwa ua, hapo ni pa kuchunga.

Lakini makadamia na zabibu si za kila siku. Kitu ya kila siku kwa keja zetu ni kitunguu.

Fikiria venye tunapika. Mafuta imeshika moto, kitunguu inaingia, inageuka rangi, hapo ndio jirani wanajua kwa kina fulani leo kuna dishi. Kama hakuna kitunguu, hakuna mboga. Na dogi ya mtaa inaishi na nini? Makombo. Mchuzi ya jana, sufuria ya ndengu, sahani ya pilau, ugali imelowa supu. Kila siku ya maisha yake huyo dogi anadishi kitunguu na hakuna mtu anaona. Kitunguu maji, kitunguu saumu, liki, zote ni familia moja, na zote zinavunja seli nyekundu za damu ya dogi na paka. Haijalishi imeiva ama ni mbichi. Haijalishi ni ya unga, ile imesagwa ikachanganywa na chumvi kwa kapakiti ka viungo vya mchuzi. Paka ndio anaumia hata zaidi, juu damu yake ni dhaifu kwa hiyo sumu na mwili wake ni mdogo.

Ubaya ya kitunguu ni venye inanyamaza. Dogi anaweza kula Jumatatu na aanze kuchoka Alhamisi. Ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka rangi ya chai kali, anahema akipanda ngazi mbili. Nani atakumbuka sahani ya Jumatatu?

Nilipomwambia mathee, hakunifurahia. Mathee amelea madogi kwa hii ploti kabla nizaliwe, na zote kwa makombo. Akaniuliza, "Na hao wa zamani, mbona hawakufa?" Tukaanza kuwahesabu pamoja, mi na yeye, tumekaa kwa ngazi. Yule mweusi wa kwanza, alikonda tu. Yule wa madoa, alilala siku moja hakuamka. Yule alikuwa wa mbuyu, mkojo ya damu. Tulipofika wa nne mathee akanyamaza. Akainuka akaenda kuosha vyombo, na tangu hiyo siku kuna sheria moja kwa hii keja: ya Bosco inatolewa kabla kitunguu iingie. Nyama inachemka yenyewe kwanza, bila chumvi, bila kitu. Mi natoa share ya wanyama na vijiko viwili vya supu, naweka kando ipoe. Halafu mathee anaendelea na mambo yake ya kitunguu, nyanya na dania. Haigharimu hata ashu. Ni dakika moja tu ya kungoja.

Sasa snaki. Nataka kukupeleka soko, juu hapo ndio kuna utamu.

Jumamosi nikipata gari ya Jogoo Road nashuka Burma, hapo karibu na City Stadium. Ingia ndani pole pole, sakafu ina maji. Kuna safu ya kuku, na hapo mbele ya kuku zenye watu wa hoteli wanagombania, kuna beseni zenye watu wengi wanapita: vichwa, miguu, firigisi, moyo. Hapo ndio base yangu. Moyo ya kuku ni nyama safi, haina mfupa, ni ndogo saizi ya mdomo ya paka. Unachemsha, unakata, imeisha. Miguu za kuku nazo nazipika masaa mob hadi ngozi itoke kwa mfupa yenyewe, natoa kila mfupa na kila kucha, ile supu ikipoa inashikana ka jeli. Kijiko ya hiyo jeli juu ya ugali ya Bosco, analamba sahani hadi inatembea.

Nimesema natoa kila mfupa, na hapo nakazia. Mfupa ikipikwa ama kuchomwa inakauka, inakuwa inavunjika na ncha ka kioo. Nyama choma ya Jumapili, wasee wamekaa kwa meza, kila mtu anarusha mfupa chini kwa dogi ya kilabu, watu wanaona ni upendo. Hiyo ncha inaweza kutoboa koo ama utumbo. Gunzi ya mahindi choma nayo ni mbaya kivyake: dogi anaimeza kwa vipande juu iko na harufu ya pilipili na ndimu, inakwama kwa utumbo, haiyeyuki, na mara nyingi mwisho ni kupasuliwa. Nairobi magunzi yako kila stage. Ukitembea na dogi jioni, angalia chini.

Kwa buchari kuna kitu ingine inaitwa mapupu. Mapafu ya ng'ombe ama ya mbuzi. Msee wa buchari atakukatia kubwa kwa doo kidogo, wakati mwingine anakuongezea tu juu umemzoea. Huko majuu hiyo mapupu inakatwa, inakaushwa, inawekwa kwa pakiti ya karatasi ya kahawia yenye picha ya mlima, inauzwa ka snaki ya hali ya juu. Na wako sawa, juu mapupu ni protini na mafuta yake ni kidogo, ikikauka inakuwa nyepesi ka biskuti na inakatika kwa vidole. Kitu ya kufundishia dogi kukaa na kungoja, hakuna ya kuishinda.

Lakini usiwahi kumpea ikiwa mbichi. Na hapa nataka uelewe kwa nini, juu si mambo ya usafi tu. Kuna tegu kadogo, milimita chache, anaishi kwa utumbo ya dogi bila kumsumbua. Mayai yake yanatoka na mavi, yanashika kwa manyoya, mtoi anamkumbatia dogi, anaweka mkono mdomoni. Kwa mtu, hiyo yai inakuwa kifuko ya maji kwa ini ama kwa mapafu, inakua miaka na miaka, hadi inafika saizi ya mpira na mtu anahitaji kupasuliwa. Kwa mbuzi na ng'ombe ni hivo hivo. Dogi naye anaipata wapi? Kwa mapupu na maini mbichi zenye ziko na hivyo vifuko, zenye zimerushwa nyuma ya kichinjio. Turkana imeumia na huu ugonjwa ka sehemu chache sana duniani, na 1983 AMREF walianzisha kazi huko ya kupima watu, kuwafanyia upasuaji na kudhibiti ugonjwa kwa mbwa. Moto inaua hiyo kitu. Mapupu inachemka hadi iive katikati, bila haraka, halafu ndio tunaongea mambo ya kukausha. Na dogi anapewa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daki.

Kutoka Burma, Gikomba si mbali. Huko naenda kwa mathee mmoja wa omena, ameketi nyuma ya mlima ya omena inang'aa ka fedha. Siku ya kwanza nilimwambia nataka nusu gorogoro, akaniuliza, "Ya watu ama ya kuku?" Sikujua kuna tofauti. Ya kuku imeanikwa chini, iko na mchanga na vipande za vitu zingine, inaenda kusagwa ikuwe chakula ya mifugo. Ya watu imeanikwa juu ya nyavu, ni nzima, harufu yake ni ya samaki, si ya kuoza. Nikamwambia si ya watu, ni ya paka. Akanipimia kutoka kwa ile ya watu. "Paka anakaa na wewe kwa nyumba, nyathina. Mpe ya watu."

Paka mwenyewe anaitwa Chapo, juu mgongo wake uko na madoa ya kahawia ka chapo imetoka kwa moto. Alikuja kupitia dirisha la bafu mwaka juzi na hakurudi alikotoka. Miezi ya kwanza tulimlisha venye kila mtu analisha paka: ugali kwa maziwa. Alikuwa anadishi, tumbo inajaa, lakini manyoya yake ilikuwa kavu na mara kwa mara choo inatoka maji. Maziwa ndio ilikuwa inafanya hivo. Paka akishaacha kunyonya, wengi wao tumbo haiwezi tena na sukari ya maziwa. Na ugali haikuwa inamsaidia, juu paka si dogi. Dogi anaweza kuishi na mchanganyiko, nafaka na nyama. Paka lazima ale mnyama. Kuna kitu inaitwa taurini, iko kwa nyama na samaki, zaidi kwa moyo, na kwa mimea haiko. Paka akikosa taurini, macho inakufa polepole na moyo inapanuka inachoka. Hii ya moyo ilijulikana 1987, wakati daki mmoja wa California anaitwa Paul Pion na wenzake walionyesha kuwa paka zenye moyo imechoka hivo, ukiwarudishia taurini, moyo inaweza kurudi kazini. Nilipoisoma nilimwangalia Chapo amelala kwa dirisha na nikaona aibu ya ile ugali yote.

Kitu ingine: paka haonji sukari. 2005 watafiti wa Kituo cha Monell, Philadelphia, walipata kuwa jini moja ya kuonja utamu kwa paka imekufa, iwe ni paka wa keja, chui milia ama duma. Basi ukiona paka anafuata keki, anafuata mafuta na maziwa, si sukari. Snaki za paka zenye zimepakwa vitu tamu zimetengenezwa kumvutia mwenye kulipa.

Omena ya Chapo naifanyia hivi. Naosha maji tatu, hadi mchanga iishe kabisa chini ya beseni. Nachemsha dakika kumi, maji tupu. Hii ya kuchemsha ni muhimu, juu samaki wengi wakiwa wabichi wako na kitu inavunja vitamini B1, na mnyama akiila hivo kila siku anaumia neva. Moto inamaliza hiyo kitu. Halafu narudisha omena kwa sufuria kavu, meko iko chini kabisa, naigeuza na mwiko hadi ikauke tena ilie kwa vidole. Hakuna mafuta, hakuna chumvi. Naweka kwa chupa ya kioo ndani ya friji. Nikitingisha hiyo chupa, Chapo anatoka hata kama alikuwa juu ya paa ya jirani. Omena inaliwa nzima na mifupa yake, juu hiyo mifupa ni laini ka uzi, na hapo ndio kalisiamu iko. Ukitoka Kisumu hadi Mwanza, ambapo wanaiita dagaa, hadi Uganda kwa mukene, ni samaki yule yule wa ziwa moja. Hakuna snaki ya paka najua yenye imetoka karibu na nyumbani hivi.

Maini ya kuku pia wanapenda, wote wawili, na nawapea, lakini kipande, na si kila siku. Ini imejaa vitamini A. Paka akilishwa ini kila siku miezi na miezi, mifupa ya shingo inaanza kushikana na hawezi kugeuza kichwa. Kitu nzuri ikizidi inageuka mzigo.

Upande ya mboga na matunda Bosco ndio ako na bahati, Chapo hata hanusi. Karoti mbichi ya kutafuna, nimeikata ndefu, inamkalisha kimya. Tikiti maji bila mbegu mchana wa Januari, jua imewaka, anakula akiwa amefunga macho. Malenge imechemshwa. Ngwaci ndio bingwa: naichemsha nusu, naikata vipande nene ka kidole, halafu natumia njia ya keki ya mathee. Sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo ndani, mfuniko, makaa juu na chini. Makaa kidogo, si ya kuchoma. Saa mbili hadi tatu, zinatoka zimekauka nje na ndani zinavutika ka mpira. Bosco anatafuna moja robo saa nzima. Moyo ya kuku na mapupu yenye ishachemka naikausha hivo hivo. Kama uko na oveni, moto ya chini, mlango imeachwa wazi kidogo. Nduma sipei, juu ikiwa haijaiva vizuri inawasha mdomo na koo. Mbegu ya avokado na koko ya embe zinatupwa kwa pipa yenye imefunikwa.

Njugu nazo nilikuwa nampea sana, hadi nilisoma vizuri mambo ya ukungu. 2004 huko Makueni na Kitui mahindi iliingia sumu ya aflatoksini na zaidi ya watu mia moja wakafariki. Hiyo sumu dogi inamwangusha hata haraka kuliko mtu, ini inazima. Na ni unga gani tunapeanga madogi? Ile imeharibika. Ile imepata unyevu kwa gunia, mathee anasema isitupwe, ipikiwe mbwa. Mahindi imeingia ukungu haipikiwi kiumbe yeyote mwenye moyo, na njugu ikiwa na rangi ya kijani ama uchungu, tupa. Siagi ya njugu ni sawa ka ndani ni njugu tu. Soma nyuma ya mkebe, na ukiona neno zailitoli, iachie hapo. Ni sukari ya wenye wanatafuta wembamba, iko pia kwa chingamu za kutotoboa meno. Kwa dogi inashusha sukari ya damu ndani ya muda ya kuoga tu, na ini inafuata.

Sijasema usinunue pakiti. Kuna siku sina muda, na kuna pakiti poa. Lakini lile neno "asili" mbele ya pakiti halinishiki tena. Mi nageuza. Nikikuta nyama moja yenye jina, moyo wa ng'ombe, samaki fulani, na nchi ya kutoka, na tarehe, nachukua. Nikikuta "mazao ya wanyama" bila kusema mnyama gani, narudisha. Zile vipande za nyama kavu ya kuku na bata za pakiti, tangu 2007 serikali ya Marekani ilipokea malalamiko ya maelfu ya madogi kuugua, zaidi ya elfu moja kufa, nyingi zikiwa zimetoka China, na wakapima miaka bila kupata sababu moja. Hizo pakiti nazo zilikuwa zinasema asili. Nyama ya kwa sufuria yangu, naijua hadi msee mwenye aliikata.

Halafu kuna swali ya ngapi, ile daki aliniuliza na nikakosa jibu. Aliniachia hesabu moja: snaki zisipite asilimia 10 ya dishi ya siku. Dogi wa saizi ya Bosco siku yake ni kalori 1,000 hivi, basi snaki zote ni 100. Yai moja boilo ni karibu 75. Yaani yai, na karoti, na siku imefungwa. Chapo ni kilo 4, siku yake ni kalori 200 na kitu, snaki ni 20. Omena chache tu. Nikimwongezea juu ya hapo najua nimemuibia Chapo wa kesho. Mafuta ya nyama na ngozi ya kuku naweka kando kabisa, juu mafuta mob kwa mpigo inaweza kuwasha kongosho ya dogi, na hiyo maumivu nimeiona kwa dogi ya beshte yangu, amejikunja ka mtu anasali.

Leo ni Ijumaa. Mathee ameweka nyama kwa meko, maji tupu, mfuniko inaruka ruka. Kitunguu ameshaikata, iko kwa ubao, machozi inamtoka. Bosco ameketi kwa mlango wa jikoni, makalio chini, sikio moja juu na moja imekunjika. Chapo ako juu ya friji. Mathee ananiita kutoka hapo, mwiko kwa mkono: "We, kuja utoe ya watoto wako, mafuta imeshika moto."